Kabla ya kumshuku yaya, chunguza mawimbi ya kamera zako

Leo ninakuja mbele yako nikiwa na jambo la kukiri. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu, kwani nusura pupa yangu inifanye nimfukuze mtu mwema nyumbani kwangu, na yote hayo kwa sababu ya kamera ambazo sikujua zinavyofanya kazi.

Bila shaka umeona jinsi kamera za ulinzi zilivyoenea. Zamani zilikuwa za benki na maduka makubwa. Siku hizi unazikuta hata kwenye nyumba ya vyumba viwili, maana bei yake imeshuka na hazihitaji waya wa kupeleka picha. Unaipachika ukutani, unaipa stima, unaiunganisha na WiFi ya nyumbani, kisha unatazama ua wako kwenye simu hata ukiwa umekwenda mashambani kuwaona wazee. Sisi pia tulizinunua. Tunaishi Kitengela, katika nyumba ya mawe yenye paa la mabati, ukuta wa kuzunguka boma na lango la chuma. Tuliweka kamera nne: ya kwanza langoni, ya pili ubavuni mwa nyumba karibu na kibanda cha kuku, ya tatu barazani, na ya nne uani, nyuma ya jikoni, palipo na kamba ya nguo na mtungi wa gesi.

Kwa miezi kadhaa tulilala fofofo tukiamini kwamba tunalindwa. Ni kweli kamera zilikuwa zikipotea hewani, leo hii, kesho ile, lakini zilirudi zenyewe, nasi tukazizoea jinsi mtu anavyozoea mlango unaolia. Kisha asubuhi moja mtungi wa gesi haukuwepo.

Nilikimbilia simu nione sura ya mwizi. Kamera ya uani haikuwa na picha hata moja kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Hapo ndipo mama watoto na mimi tulipoanza kutazama picha za siku za nyuma, na tulichokiona kilitutia baridi. Kila jioni, yapata saa moja kasorobo, yaya wetu huonekana akitoka jikoni kwenda kuanua nguo. Dakika chache baadaye kamera inapotea. Inarudi pale taa ya uani inapowashwa, na anayeiwasha ni yeye. Saa nne anapozima taa hiyo ili aende kulala, kamera inapotea tena hadi kunapopambazuka. Haikuwa siku moja wala mbili. Ilikuwa kila siku.

Jirani niliyemsimulia hakutaka ushahidi zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mjinga.

Tulimwita yaya sebuleni. Huyu ni msichana aliyeishi nasi miaka minne na kumlea kitinda mimba wetu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Nilipomwonyesha picha zile alitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Baba, mimi hiyo kamera naogopa hata kuipangusa vumbi. Nitaizima na nini?" Nilimwambia akae afikirie vizuri, na kama hana la kunieleza, Jumamosi ataenda kwao. Usiku huo nilipopita karibu na chumba chake niliona amekwisha kufunga mfuko wake wa nguo. Kitinda mimba alikuwa ameukalia mfuko huo, amekataa kuondoka.

Kwa bahati, siku iliyofuata alitutembelea mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kuweka mitambo ya intaneti katika majengo. Nilimweleza yote. "Mjomba," akaniambia, "umemuuliza kila mtu isipokuwa kamera. Nipe siku moja kabla hujamwonea mtoto wa wenyewe." Msomaji, ninayokueleza leo ni yale niliyojifunza siku hiyo moja nikimfuata nyuma na ngazi. Yatakufaa hata kama hujaibiwa kijiko.

Jambo la kwanza alilonifafanulia ni kwamba WiFi ni redio. Ruta yako ni kituo kidogo cha redio, na kila kamera ni redio nyingine inayosikiliza na kujibu. Katika chaneli moja, kifaa kimoja tu ndicho kinachoweza kusema kwa wakati mmoja, na vingine vyote hungoja zamu. Ni kama baraza la chifu lenye kipaza sauti kimoja. Simu ya mtoto hukishika, ikasema maneno mawili, ikakirudisha. Kamera inayopeleka picha mfululizo haina adabu hiyo: husema mchana kutwa na usiku kucha. Ukiwa na moja, baraza linaendelea. Ukiwa na nne, na vijana sebuleni wanatazama filamu, wengine wanakosa nafasi kabisa.

Kuna ubaya mwingine. Kamera iliyo mbali, ambayo mawimbi yanaifikia kwa taabu, hulazimika kusema polepole na kurudia maneno yasiyosikika. Wakati huo wote zilizo karibu zinaingoja. Ndiyo sababu mtu huongeza kamera ya nne huko langoni, kisha akashangaa kuona hata zile tatu zilizokuwa nzima zimeanza kusumbua. Mgonjwa mmoja huwachelewesha wote walio safarini.

Basi tulianza na ya langoni. Mpwa wangu alifungua kwenye simu yake programu ya bure ya kupima nguvu za mawimbi, akasimama hapo hapo kamera ilipo, si hatua kumi kando. Vipimo hivi huandikwa kwa nambari hasi, na kadiri nambari inavyokaribia sufuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Hasi 50 ni mawimbi mazuri sana. Hasi 65 yanaitosha kamera. Hasi 70 ni mashaka, na hasi 80 ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto uliofurika. Langoni kwetu tulisoma hasi 82.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ruta yetu ilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni, katika pembe ya nyumba iliyo mbali zaidi na lango. Mawimbi yalipaswa kupenya kuta mbili za mawe, kisha yapite kwenye tangi letu la maji, halafu yafike kwenye kamera tuliyoifunga nyuma ya bamba la chuma. Maji humeza mawimbi haya, na chuma huyarudisha yalikotoka. Hakuna ukuta wa mbao ambao ungeyasumbua kiasi hicho. Chunguza boma lako, msomaji. Kama kati ya ruta na kamera pana tangi lililojaa, mlango wa chuma, au mabati yaliyoegeshwa, umepata mchawi wako.

Dawa ya kwanza haikugharimu hata shilingi. Tuliitoa ruta sakafuni, tukaiweka juu ya rafu katika ujia ulio katikati ya nyumba, tukaisogeza kamera upande wa nguzo unaoitazama nyumba. Nambari ikapanda hadi hasi 74. Lilikuwa jambo la kutia moyo, lakini haikutosha. Nilitaka kukimbia dukani nikanunue kile kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena, ambacho wauzaji hukiita ekstenda. Mpwa wangu akanizuia. Alinieleza kwamba kifaa cha namna hiyo kikitumia chaneli ile ile, kila neno husemwa mara mbili, mara moja na kamera na mara ya pili na kifaa, hivyo kipaza sauti kinazidi kushikwa. Kinafaa pale tu waya usipoweza kupita.

Badala yake tulipitisha kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi barazani na kuweka kituo cha pili cha WiFi mwisho wake. Kebo hiyo inaweza kufika mita 100, na nyumba nyingi za kwetu hazihitaji hata mita 30. Langoni tukasoma hasi 62. Tofauti ya 20 kwenye vipimo hivi si ndogo, kwani maana yake ni kwamba nguvu zinazofika zimeongezeka mara 100. Aidha, aliniasa kwamba kamera yoyote yenye tundu la kebo, iliyo karibu na ruta, ipewe kebo moja kwa moja. Kila kamera inayotoka hewani inawaachia wenzake nafasi ya kusema.

Ya pili, ile ya kibanda cha kuku, ilikuwa na mawimbi mazuri lakini ikipotea kila jioni na kila mwisho wa wiki. Ng'ambo ya ukuta wetu pana jengo la kupangisha la orofa nne, na karibu kila mlango una WiFi yake. Hapa, msomaji, unahitaji kujua kwamba WiFi ya nyumbani hutumia zaidi masafa mawili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi lakini huchoka mapema kwenye kuta. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi, na kamera nyingi za bei ya chini huelewa hayo tu. Humo ndani mna chaneli 13, lakini zimelaliana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Zisizogusana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11.

Mpwa wangu alipotazama, majirani wengi walikuwa wamejazana kwenye ya 6. Ruta yetu nayo ilikuwa imeachwa ijichagulie chaneli, ikihamahama usiku, na kila ilipohama kamera zilipotea zikiitafuta. Isitoshe, ilikuwa imepewa upana wa megahezi 40, ambao katika mkeka huo mdogo ni sawa na mtu mmoja kulala amepanua mikono na miguu. Aliingia kwenye ukurasa wa ruta, akaifunga ruta kwenye chaneli ya 1 na kile kituo cha barazani kwenye ya 11, zote kwa upana wa megahezi 20. Kisha akahamisha simu zetu, kompyuta na televisheni, akazipeleka kwenye gigahezi 5, ili ule mkeka wa 2.4 ubaki wa kamera. Nakuambia kweli, hatua hii moja ilileta nafuu kuliko pesa nyingine yoyote tuliyotumia. Na kama kamera yako imepakana na oveni ya maikrowevu, isogeze, kwa kuwa oveni hiyo hupasha chakula kwa mawimbi ya masafa hayo hayo, na kiasi kidogo huvuja nje.

Ya tatu, ya barazani, ilikuwa na ugonjwa wa stima. Sote twajua jinsi stima inavyopotea na kurudi. Inaporudi, kamera huamka haraka kuliko ruta, ikaitafuta WiFi isiione, na baadhi ya kamera hukata tamaa hadi uzichomoe na kuzichomeka tena. Wakati mwingine ruta ikishaamka huipa kamera anwani ambayo kifaa kingine tayari kinaitumia, zikagombana kama wapangaji wawili waliopewa chumba kimoja. Dawa yake ni mbili. Kwanza, katika ruta mna mahali pa kuitengea kila kamera anwani yake ya kudumu. Itenge. Pili, nunua betri ndogo ya akiba ya ruta, ya zile zinazowaka zenyewe stima inapokatika. Haitawasha kamera ambazo hazina betri zake, lakini ruta itakuwa macho zitakapoamka, na ikiwa na mkondo wa intaneti haukukatika, utaendelea kupata habari za kamera zenye akiba.

Hapo barazani alirekebisha na mambo mawili madogo yanayowasumbua wengi wakati wa kuunganisha kamera. Ruta nyingi huyapa masafa yote mawili jina moja, na kamera ya 2.4 ikachanganyikiwa. Aliyatenganisha, akayapa majina mawili. Vilevile aliona ruta imewekwa kwenye ulinzi wa aina ya WPA3 peke yake, ilhali kamera nyingi zinaelewa WPA2. Alichagua ule mpangilio unaokubali zote mbili.

Kabla hatujaendelea, niguse swali la kifurushi cha intaneti, maana najua utaniuliza. Kamera ya picha safi hutumia takribani megabiti 2 kwa sekunde, kutegemea ulivyoipangia. Nne ni megabiti 8, na hizo ni za kupandisha, si zile za kushusha ambazo wauzaji wa intaneti hupenda kuzitangaza. Kamera moja ya kiasi hicho ikipeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kupumzika, kwa siku moja itakula gigabaiti 21 na zaidi. Nne zitakula zaidi ya 86. Kwa hivyo ziamuru zirekodi kwenye kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani yake, na zipeleke mtandaoni pale tu zinapoona kitu kikitembea. Kadi ya gigabaiti 128 itakuwekea picha za siku tano hivi za kurekodi mfululizo, kisha huanza kufuta za zamani. Faida nyingine ni kwamba intaneti ikikatika, kurekodi kunaendelea.

Sasa ikabaki ya uani. Mpwa wangu aliiacha ya mwisho kwa makusudi. Mawimbi pale yalikuwa hasi 58, mazuri mno. Mchana kutwa ilionyesha picha bila wasiwasi. Aliishusha, akaweka mahali pake ile ya barazani ambayo tayari tulijua ni nzima, akatuambia tungoje jioni.

Saa moja kasorobo tuliketi uani kwenye vigoda: mpwa wangu, mama watoto, yaya na mimi. Nguo zilikuwa kambani, hakuna aliyezigusa. Giza lilipoanza kuingia tuliona kwenye uso wa kamera vitone vyekundu vikiwaka. Vikazimika. Vikawaka tena, vikazimika. Simu yangu ikalia kuniarifu kwamba kamera imepotea hewani. Yaya alikuwa ameketi kando ya mama watoto, mikono yake mapajani.

"Umeona, Mjomba?" mpwa wangu akauliza. "Kamera ni nyingine, ugonjwa ni ule ule. Basi ugonjwa uko mahali, hauko kwenye kamera wala kwa mtu."

Maelezo yake yalikuwa rahisi hadi nikaona haya. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za kuonea usiku, na taa hizo huongeza sana stima inayohitaji. Nami, ili kuepuka gharama ya kuweka soketi nje, nilikuwa nimeinunulia kebo nyembamba ya mita 5, ya aina ile ya kuchajia simu. Volti 5 ziliondoka ukutani, lakini waya mwembamba hupoteza nguvu njiani, na kadiri kamera inavyovuta zaidi ndivyo zinavyopotea zaidi. Mchana zilifika za kutosha. Usiku, alipopima kwa mita yake, zilishuka chini ya 4. Kamera inazimika, inaamka, inaona giza, inawasha taa, inazimika tena, hadi asubuhi. Yaya akiwasha taa ya uani, kamera inaona mwanga, haiwashi taa zake, inapona. Akiizima akalale, inaugua.

Kwa maneno mengine, msomaji, kwa miezi ile yote tuliyolala fofofo, kamera ya uani ilikuwa ikilinda mchana peke yake. Mwizi wa mtungi hajajulikana hadi leo, na sitamjua kamwe.

Fundi wa stima alituwekea soketi nje, ndani ya kisanduku kisichoingiza mvua, nasi tukatumia kebo fupi iliyokuja na kamera. Tangu siku hiyo haijapotea.

Jioni ile ile, kabla sijainuka kigodani, nilimwomba yaya msamaha mbele ya mama watoto na watoto waliokuwa wamesimama mlangoni. Alinyamaza kwa muda, kisha akanijibu maneno ambayo bado yananichoma. "Baba, mngeniuliza tu, ningewaambia. Mimi nikianua nguo huona vile vitaa vyekundu vikipepesa kila siku giza likiingia. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Alikuwa ndiye mtu wa pekee katika boma lile aliyekuwa akiitazama kamera yenyewe. Sisi tulitazama simu. Tulimwita ili ajitetee, hatukumwita ili atusaidie kuelewa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Alifungua mfuko wake usiku huo, nami nikashukuru kwamba majuto hayakunikuta akiwa tayari ndani ya matatu.

Basi, nikuachie mazoea machache. Kila Jumapili kama leo, fungua kamera zako moja baada ya nyingine, usiangalie tu kama iko hewani bali fungua rekodi ya saa nane usiku uliopita. Kamera isiyo na picha ya usiku haina kazi. Ikipotea, andika saa ilipopotea na iliporudi kwa muda wa juma moja, kisha ujiulize ni nini kingine hutokea saa hizo: giza, stima, majirani kurudi nyumbani, jiko. Ibadilishe na nyingine iliyo nzima. Ugonjwa ukiifuata kamera, peleka kamera kwa fundi. Ukibaki mahali, chunguza mawimbi na waya. Badilisha pia neno la siri lililokuja na kamera kutoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu maneno hayo ya kiwandani, ikazifanya zishambulie mitandao ya watu wengine. Kamera iliyotekwa hushika kipaza sauti kwa kazi isiyo yako.

Mwisho, waambie wanaoishi nawe mahali kila kamera ilipo. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na yaya ni mtu. Kamera isiwekwe anakolala wala anakooga, wala isichungulie boma la jirani. Anayejua kamera iko wapi na kwa nini, ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuambia ikianza kupepesa.

Nakutakia Jumapili njema, wewe na wote walio chini ya paa lako. Na kama kuna mtu humo unayemshuku kwa jambo ambalo hujalichunguza vyema, mwandalie chai, ukae naye, umuulize anachokijua.